Darubini Yenye Umbo la Kibuyu

Watu wa vijijini tuna mali moja ambayo watu wa miji mikubwa wameipoteza. Mali hiyo ni giza. Mjini taa zinafunika nyota. Kijijini, mwezi usipokuwepo, mbingu imejaa nyota tele.

Hebu kitazame Kilimia. Wazee wetu walikitazama ili wajue majira ya kulima. Kwa macho tu, watu wengi huhesabu nyota sita. Je, ni sita kweli? Sivyo. Ukitumia darubini ndogo utaona nyota nyingi zaidi. Leo tutaeleza habari za darubini moja ndogo, iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wanaoanza kujifunza.

Darubini ya kwanza ya kioo

Darubini ni chombo cha kuonea vitu vilivyo mbali. Darubini za kwanza zilikuwa na lenzi, yaani vioo vinavyopitisha mwanga kama vile vya miwani. Mwaka 1610 mtaalamu wa Italia, Galileo, alitumia darubini ya namna hiyo akaona miezi minne inayoizunguka sayari ya Mshtarii.

Lakini lenzi za zamani zilikuwa na kasoro. Nyota ilionekana ina rangi rangi pembeni, kama upinde wa mvua. Mwaka 1668 Mwingereza mmoja, Isaac Newton, alitafuta njia nyingine. Badala ya lenzi kubwa alitumia kioo kama kile cha kujitazamia, ila kimebonyea kidogo katikati kama sahani. Alikitengeneza mwenyewe kwa kuchanganya shaba na bati, kisha akakisugua mpaka kikang'aa. Darubini yake ilikuwa fupi, karibu sentimita 15 tu, nayo ilikaa juu ya tufe la mti ili igeuke kila upande.

Inavyofanya kazi

Fikiri juu ya mvua. Ukikinga maji kwa kikombe utapata kidogo. Ukikinga kwa beseni utapata mengi. Kioo cha darubini kinakinga mwanga namna hiyo hiyo. Kikiwa kipana, kinakinga mwanga mwingi, na nyota hafifu zinaonekana.

Kioo hicho kinakaa chini, mwisho wa bomba. Kinakusanya mwanga na kuurudisha juu. Huko juu kuna kioo kingine kidogo kilicholala mshazari. Hicho kinautupa mwanga pembeni, kwenye tundu lenye lenzi ndogo. Hapo ndipo mtu anapoweka jicho.

Kibuyu chekundu

Sasa twende Marekani. Mwaka 1976 kampuni ya Edmund Scientific ilitoa darubini iliyoitwa Astroscan. Mmoja wa walioibuni ni Norman Sperling. Ilikuwa ya plastiki nyekundu, na umbo lake hasa lilikuwa la kibuyu: chini duara, juu shingo. Urefu wake wote haukufika nusu mita. Ilikuwa na mkanda wa kuvaa begani, mtu akaibeba kwenda nayo shambani au mlimani.

Kwa nini kibuyu? Watu wengi wanaoanza hushindwa kwa sababu ya miguu ya darubini. Miguu myembamba inatikisika. Ukigusa tu, nyota inakimbia. Astroscan haikuwa na miguu. Tumbo lake lilikaa juu ya kitako cha chuma chepesi, kama vile mtungi unavyokaa juu ya ngata. Ulikuwa unaigeuza kwa mkono tu, ukiiacha inatulia. Kumbe, baada ya miaka 300 hivi, watu wamerudia wazo la tufe la Newton!

Kioo chake kilikuwa na upana wa milimita 105. Gizani, mboni ya jicho la mtu hufunguka milimita 7 hivi tu. Basi kioo hicho kilikinga mwanga zaidi ya mara 200 kupita jicho. Lenzi yake ya kawaida ilikuza vitu mara 16. Hapo Kilimia chote kiliingia katika tundu mara moja. Mabonde ya mwezi yalionekana, na ile miezi minne ya Mshtarii pia. Mdomoni iliwekwa kioo bapa cha kuzuia vumbi.

Kasoro zake je? Vitu vilionekana vimepinduka. Tena vioo vikikaa upande, haikuwa rahisi kwa mwenye nayo kuvirekebisha. Kampuni iliitengeneza kwa miaka mingi, hadi mwaka 2013.

Tunajifunza nini?

Huenda siku moja shule yenu au chama chenu kitataka kununua darubini. Muuzaji atawaambia: "Hii inakuza mara 500!" Msikubali haraka. Ulizeni kwanza: kioo au lenzi yake ina upana gani? Je, inasimama imara? Darubini ndogo ikikuza kupita kiasi, inaonyesha ukungu tu. Heri ile inayokuza kidogo, lakini inaonyesha vizuri.

Hatari!

Kamwe usitazame jua kwa darubini, hata kwa nukta moja. Mwanga uliokusanywa unaunguza ndani ya jicho, na mtu hasikii maumivu. Anakuja kugundua baadaye kwamba haoni tena. Darubini isiachwe nje mchana mahali watoto wanapocheza.

Usiku ndio wakati wake. Na hata kama huna darubini, leo toka nje na watoto wako. Kilimia kikiwa juu, hesabuni nyota zake pamoja. Wewe utaona ngapi? Na mwanao je? Mwambie kwamba hizo mnazoziona ni chache tu.