Beihai: Bustani ya Wafalme Iliyofunguliwa Mlango

Wengi wa wasomaji wetu wa Pwani wanaijua habari ya twiga aliyepelekwa China kutoka Malindi mwaka 1415, katika zama za safari za Zheng He, amiri wa bahari aliyezaliwa katika nyumba ya Kiislamu. Habari hiyo imesimuliwa barazani na madarasani hata imezoeleka. Iko nyingine iliyotangulia hiyo kwa miaka mia moja na hamsini, nayo haijasikika sana miongoni mwetu: Muislamu mmoja alikuwa na mkono katika ujenzi wa bustani ya kifalme iliyo katikati ya mji wa Beijing. Bustani hiyo huitwa Beihai, maana yake Bahari ya Kaskazini. Tulipoizuru tuliona ina mazingatio kwa kila mwenye familia.

Beihai iko kaskazini-magharibi ya kasri kuu la wafalme wa China. Eneo lake ni kama hektari 68, na zaidi ya nusu yake ni maji. Hiyo "bahari" ni ziwa, na katikati yake kuna kisiwa chenye kilima kiitwacho Qionghua. Mwaka 1179 wafalme wa utawala wa Jin walikuwa tayari wamejenga hapo kasri la mapumziko. Tangu wakati huo tawala zimepokezana mahali hapa, kila mmoja ukijenga juu ya magofu ya uliotangulia.

Katika karne ya 13 akaja Kublai Khan, mtawala wa Wamongolia. Tarehe rasmi ya utawala wake inaeleza kwamba mwaka 1263 mtu aliyeitwa Yeheidie'erding aliomba ruhusa ya kukitengeneza kisiwa cha Qionghua, naye hakukubaliwa. Mwaka uliofuata, 1264, kazi ikaanza. Wanahistoria wengi wanaona kwamba asili ya jina hilo ni Ikhtiyar al-Din, nasi tukilisikiliza vyema twaisikia "din" mwishoni mwake. Baadaye bwana huyu alikuwa miongoni mwa waliosimamia ujenzi wa majumba ya kifalme katika mji mkuu mpya wa Dadu, ambao ndio msingi wa Beijing tunayoijua leo. Mwanawe akairithi kazi yake. Elimu na uaminifu katika kazi vilimpa mgeni wa dini na lugha nyingine heshima katika nchi ya ugenini.

Hata hivyo, jumba la enzi hizo lililokuwa juu ya kilima halipo tena. Lilianguka mwaka 1579. Mahali pake, mwaka 1651, pakajengwa mnara mweupe wa Kibudha ambao huonekana kutoka pembe nyingi za bustani. Nao uliangushwa na tetemeko la ardhi mwaka 1679, ukajengwa upya, ukaangushwa tena mwaka 1730, ukainuliwa tena. Qur'ani Tukufu inatuhimiza tutembee katika ardhi na kuzingatia mwisho wa waliotutangulia. Mwenye kusimama kando ya ziwa hili hahitaji kutafuta mbali mfano wa jambo hilo.

Mfano ulio wazi zaidi umehifadhiwa katika ngome ndogo ya mviringo, karibu na lango la kusini. Humo mna jungu kubwa la jiwe la thamani liitwalo jade, lililochongwa mwaka 1265 na kunakshiwa mawimbi na wanyama wa baharini. Kublai Khan alilifanya chombo cha kuwekea pombe ya karamu zake, fahari ya mfalme aliyetawala nchi zisizohesabika. Utawala wake ulipoanguka, jungu lilipotea katika macho ya wakubwa. Lilipokuja kugunduliwa lilikuwa katika hekalu moja, makasisi wake wakilitumia kutilia mboga za achari. Mfalme Qianlong alilikomboa mwaka 1745, nalo likawekwa pale lilipo hadi leo. Kina mama wanaojua thamani ya jungu jikoni huenda wakaona kwamba miaka yake ya achari ndiyo iliyokuwa ya manufaa zaidi.

Ufukwe wa kaskazini kuna ukuta wa vigae vya rangi uliojengwa mwaka 1756, wenye majoka tisa kila upande. Karibu na hapo ndipo ilipoishia reli ndogo ya Cixi, mama mfalme aliyeishika China mkononi mwake mwishoni mwa karne ya 19. Husimuliwa kwamba hakupenda kelele za garimoshi, basi mabehewa yake yakawa yanavutwa kwa kamba na watumishi. Bustani yote hiyo, ziwa, miti na vivuli vyake, ilikuwa ya watu wachache waliokuwa ndani ya ukuta, ilhali mamia ya maelfu ya wakazi wa mji walipita nje wasijue maua ya ndani yana rangi gani.

Utawala wa kifalme ulikoma mwaka 1912, na mwaka 1925 lango la Beihai likafunguliwa kwa umma. Lakini mlango uliofunguliwa waweza kufungwa tena. Katika misukosuko ya kisiasa, mwaka 1971 bustani ilifungiwa wananchi, na haikufunguliwa hadi mwaka 1978. Kwa miaka saba watoto wa Beijing walikulia nje ya ukuta ule ule uliowazuia mababu zao.

Kwa sababu hiyo, tulichokithamini zaidi si mnara wala majoka. Ni bibi aliyekaa kivulini na mjukuu wake. Ni wazee wanaofanya mazoezi ya viungo taratibu asubuhi, wengine wakiandika hati nzuri kwa maji juu ya sakafu ya mawe, maandishi yakikauka nao wakianza upya. Ni kina mama wanaoimba pamoja bila kuulizwa wamefuata nini. Bustani ya wazi humpa mwanamke na mzee mahali pa kupumua nje ya kuta nne za nyumba, penye heshima na usalama, kwa gharama ndogo. Mji unaozifungia familia viwanja vyake huzipunja afya na udugu. Hilo ni la kukumbukwa hata kwetu, tulio na fukwe na viwanja vya kuviangalia.

Kwa Muislamu atakayejaaliwa safari hii, mambo si mazito. Beijing ina jamii kubwa ya Waislamu wa Kichina, Wahui, na katika mtaa wa Niujie uko msikiti ambao kwa mapokeo ulianzishwa mwaka 996. Paa na nguzo zake ni za Kichina, maandishi yake ya ndani ni ya Kiarabu, na wanawake wana ukumbi wao wa kuswalia. Chakula cha halali hutambulikana kwa neno qingzhen mlangoni mwa mkahawa. Ni vyema kujifunza maandishi yake kabla ya kuondoka nyumbani. Kibla huko ni upande wa magharibi, na msafiri ana ruhusa yake ya kukusanya na kupunguza Swala kwa masharti yanayojulikana. Chupa ya maji ya udhu mkobani huondoa taabu nyingi.

Majira ya joto ziwa hujaa mayungiyungi na mashua za kukodi. Januari hugeuka barafu, na asiye na koti zito asithubutu. Aendaye na watoto aingie kwa lango la kusini asubuhi na mapema, alitazame jungu la Kublai Khan kwanza, kisha avuke daraja la mawe kuelekea kisiwani, awasimulie njiani habari za Ikhtiyar al-Din.