Uteuzi na Ufungaji wa Nyuzi za Gitaa la Besi la Akustika Lisilo na Freti: Mahitaji ya Taarabu ya Zanzibar

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna ya kuteua gitaa la besi la akustika lisilo na freti na namna ya kulifunga nyuzi, yakichukua taarabu ya Zanzibar kuwa muktadha wa matumizi. Hoja kuu ni kwamba uteuzi wa ala na uteuzi wa nyuzi ni uamuzi mmoja. Uzi unaovuma zaidi bila kipaza sauti ndio unaoharibu ubao wa vidole kwa haraka zaidi. Kwa hiyo, mpigaji anashauriwa kuanza na sauti anayoihitaji, kisha aamue nyuzi, na mwisho atafute ala inayoweza kuzibeba nyuzi hizo.

1.0 Utangulizi

Freti ni vijiti vyembamba vya chuma vinavyokatiza shingo ya gitaa na kuamua kila noti ianzie wapi. Gitaa lenye freti humsaidia mpigaji kupata noti kwa urahisi, lakini humfunga katika noti kumi na mbili tu za oktava. Gitaa lisilo na freti humwachia mpigaji uhuru wa kuweka kidole popote, na pia humwachia mzigo wa kuthibitisha kwa sikio lake kwamba mahali alipoweka ni sahihi.

Ala za namna hii si ngeni duniani. Katika vikundi vya mariachi nchini Meksiko, sauti ya chini hubebwa na guitarrón, gitaa kubwa la nyuzi sita lisilo na freti. Guitarrón ndilo lililompa Ernie Ball wa Marekani wazo la kutengeneza besi ya akustika iliyoitwa Earthwood, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1972. Kwa upande wa besi za umeme, Jaco Pastorius alisifika miaka ya 1970 kwa kupiga besi iliyong'olewa freti na kupakwa ubaoni gundi ngumu inayotumiwa na waunda mashua.

Zanzibar, haja ya ala isiyo na freti inatokana na muziki wenyewe. Taarabu ya vikundi vya asili, kikiwamo Nadi Ikhwan Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905, imejengwa juu ya ala zisizo na freti kama udi na fidla, pamoja na besi kubwa ya kusimama. Besi hiyo ni ghali, ni kubwa, na kuisafirisha ni kazi. Tangu miaka ya 1990, taarabu ya kisasa imeegemea kinanda cha umeme na gitaa la besi lenye freti. Swali linalojibiwa hapa ni hili: je, mpigaji asiyemudu besi ya kusimama anaweza kupata ala nyepesi isiyopingana na udi na fidla?

2.0 Tatizo la Noti Iliyo Kati

Katika maelezo haya, nyuzi nne za besi zinaitwa Mi, La, Re na Sol, kuanzia ule mnene. Nusutoni moja hugawanywa katika sehemu 100 ziitwazo senti.

Tuchukue maqamu ya bayati inayoanzia Re. Noti yake ya pili haiko kwenye Mi bemoli wala kwenye Mi. Iko kati ya hizo mbili, takribani senti 150 juu ya Re. Noti hiyohiyo ndiyo ya tatu katika maqamu ya rasti inayoanzia Do. Mpiga udi au fidla huifikia bila shida. Mpigaji wa besi yenye freti huwa na njia tatu: apige Mi bemoli na kukosea senti 50 kwa chini, apige Mi na kukosea senti 50 kwa juu, au aikwepe noti hiyo kabisa. Njia zote tatu ni hasara, kwa kuwa besi ndiyo msingi ambao wengine husikilizia.

Kwenye besi yenye urefu wa uzi wa milimita 864, yaani inchi 34, hesabu yake ni wazi. Tukipima kutoka kizingiti cha juu kwenye uzi wa Re, Mi bemoli iko kwenye milimita 48.5 na Mi iko kwenye milimita 94.3. Noti ya kati iko karibu na milimita 71.7. Vipimo hivi ni vya kuanzia tu, kwa sababu noti hiyo haikai mahali pamoja katika kila maqamu wala katika mazoea ya kila mpigaji. Sikio ndilo lenye neno la mwisho.

Kadiri mkono unavyoelekea kwenye tundu la sauti, nafasi hizi hupungua. Kosa la milimita tatu kwenye nusutoni ya kwanza hupotosha noti kwa senti zipatazo 6. Kosa hilohilo kwenye oktava huipotosha kwa senti zipatazo 12. Ndiyo maana mwanafunzi hushauriwa kuanza na sehemu ya chini ya shingo, ambako ubao humsamehe zaidi.

3.0 Kuteua Nyuzi Kabla ya Ala

Wanunuzi wengi huteua gitaa kwanza, kisha hutafuta nyuzi zozote zinazoingia. Makala haya yanapendekeza mpangilio wa kinyume. Aina kuu za nyuzi ni tatu.

Kwanza ni nyuzi zilizozungushiwa waya wa mviringo. Uso wake una mikwaruzo na sauti yake ni angavu. Zile zenye waya wa aloi ya shaba hupendwa kwenye magitaa ya akustika kwa sababu husikika vizuri bila umeme. Hata hivyo, kwenye ubao usio na freti, mikwaruzo hiyo hufanya kazi ya tupa.

Pili ni nyuzi zilizozungushiwa waya bapa. Uso wake ni laini, sauti yake ni ya chini na tulivu, na kidole huteleza juu yake bila kelele. Nyingi kati yake hukaza zaidi kuliko nyuzi za aina ya kwanza zenye unene uleule.

Tatu ni nyuzi zilizofunikwa kwa utepe wa nailoni juu ya waya wa chuma. Hizi ndizo zenye huruma zaidi kwa ubao, na sauti yake ndiyo inayokaribia zaidi besi ya kusimama. Kasoro zake ni mbili: ni nene, hivyo huenda zisiingie katika mifereji ya kizingiti, na hazivumi sana zikipigwa bila kipaza sauti.

Mpigaji wa taarabu hahitaji mng'ao wa nyuzi za shaba. Anahitaji noti inayoanza taratibu na kujaza nafasi chini ya fidla. Kwa sababu hiyo, nyuzi za utepe wa nailoni zinafaa kuwa chaguo la kwanza, na za waya bapa liwe la pili kwa yule mwenye mkono mzito. Kwenye hewa ya chumvi ya pwani kuna faida nyingine: utepe huukinga waya wa ndani dhidi ya jasho na kutu.

Mwandishi alijifunza jambo hili kwa gharama. Aliwahi kufunga nyuzi za shaba kwenye gitaa la kuazima lenye ubao laini. Baada ya wiki chache za mazoezi, mitaro midogo ilionekana chini ya uzi wa Sol, mahali ambapo kidole hutikiswa zaidi, na noti za hapo zikaanza kukwaruza. Fundi aliusugua ubao hadi ukanyooka, lakini malipo yake yalizidi bei ya nyuzi zenyewe, na mwenye gitaa hakuliazimisha tena.

4.0 Kuteua Ala

Baada ya kuamua nyuzi, mteuzi akague mambo manne.

La kwanza ni ubao wa vidole. Mbao ngumu na nzito hustahimili zaidi. Mpingo, unaoota Tanzania na Msumbiji na kutumiwa duniani kutengenezea klarineti, ni mfano wa mti wenye ugumu unaotakiwa. Ikiwa ubao ni wa mti laini, usifungwe kamwe nyuzi za waya wa mviringo, isipokuwa umepakwa kinga ngumu.

La pili ni unyoofu wa shingo. Mpigaji abonyeze uzi mmoja, kisha ateleze kidole polepole kutoka kizingitini hadi mwisho wa ubao huku akiendelea kuupiga. Sauti ipande bila kukatika. Mahali inapokwaruza au kufifia ghafla pana kilima au bonde. Jaribio hili lirudiwe kwa kila uzi.

La tatu ni alama za ubavuni. Kwenye gitaa lenye freti, nukta huwekwa kati ya freti mbili. Kwenye gitaa lisilo na freti, watengenezaji hutofautiana: wengine huweka nukta pale noti inapopatikana, wengine hufuata desturi ya zamani. Mnunuzi aguse uzi kwa wepesi katikati ya urefu wake mpaka isikike sauti nyembamba ya oktava, kisha aangalie alama iliyo hapo. Asipofanya hivyo, atafuata alama kwa uaminifu na kupiga nje ya noti kila siku.

La nne ni uso wa gitaa nyuma ya daraja. Nyuzi nne za chuma za unene wa kawaida huvuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 80. Uso ulioinuka kama tumbo, au daraja lililoanza kuachia gundi, ni dalili kwamba ala imeshindwa kuhimili mvuto huo.

Mnunuzi asitarajie makubwa kutoka kwenye tumbo la gitaa. Noti ya chini kabisa, yaani Mi yenye mitetemo 41 kwa sekunde, ina wimbi la urefu wa takribani mita nane. Sanduku dogo la mbao haliwezi kuisukuma kwa nguvu. Sikio huikamilisha kwa kusikia sauti zake za juu. Nyuzi laini hupunguza sauti hizo za juu. Kwa hiyo, anayezichagua ahakikishe gitaa lina kinasa sauti cha piezo chini ya tandiko la daraja, hasa akipiga pamoja na ngoma.

Urefu wa uzi nao uzingatiwe. Seti ileile ikifungwa kwenye gitaa la inchi 30 badala ya inchi 34, mvuto hupungua kwa takribani asilimia 22. Nyuzi za nailoni, ambazo kwa kawaida hazikazi sana, zinaweza kulegea mno kwenye gitaa fupi.

5.0 Hatua za Kufunga Nyuzi

Nyuzi zibadilishwe mmojammoja. Kuzitoa zote kwa pamoja huiondolea shingo mvuto iliouzoea.

Kichwa cha uzi kikazwe vizuri ndani ya daraja. Uzi uvutwe hadi kwenye kigingi chake, kisha ipimwe ziada ya kama sentimita 10 hadi 12 kupita kigingi. Kabla ya kukata, uzi ukunjwe mkunjo mkali mahali utakapokatwa, na ukatwe mbele ya mkunjo. Uzi wa waya bapa au wa utepe ukikatwa bila mkunjo, vazi lake la nje huweza kufunguka na uzi ukafa kabla ya kupigwa. Mizunguko miwili au mitatu inayoshuka kigingini inatosha. Uzi usisokotwe wakati wa kufungwa.

Ikiwa uzi mpya hauketi katika mfereji wa kizingiti, mfereji upanuliwe kidogokidogo na fundi, baada ya mpigaji kuamua kwamba hatarudi kwenye nyuzi nyembamba. Mbao zilizotoka hazirudi.

Baada ya kukaza hadi noti sahihi, uzi uvutwe taratibu kwa vidole na kukazwa tena mpaka utulie. Gitaa liachwe usiku mmoja, kisha shingo ikaguliwe: uzi ubonyezwe mwanzo na mwisho wa ubao, na mwanya wa katikati uangaliwe. Mwanya mwembamba kama kadi ya karatasi ngumu unatosha. Fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo, ikihitaji kurekebishwa, izungushwe robo mzunguko tu kwa wakati mmoja. Ukaguzi huu urudiwe msimu unapobadilika, kwani mbao hunywa unyevu wa masika na kuutoa kiangazi.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba gitaa la besi la akustika lisilo na freti linaweza kuifikia noti iliyo kati ya Mi bemoli na Mi, ambayo besi yenye freti haiwezi kuifikia. Haliwi mbadala kamili wa besi ya kusimama, kwa kuwa sauti yake ni ndogo na huhitaji kipaza sauti. Hata hivyo, likifungwa nyuzi laini na kukaguliwa kwa mpangilio ulioelezwa, linampa kijana mwenye fedha kidogo nafasi ya kukaa karibu na mpiga udi na kujifunza kusikia anachosikia yeye. Iwapo wapigaji wa besi wa kizazi kijacho watalelewa kwenye freti pekee, noti hiyo ya kati itakosa msingi wake kwanza, na hatimaye itakosa masikio ya kuitambua.