Wasomi wa Matopeni

UKIMWONA binti wa chuo kikuu kule Mafia kavaa raba mbovu, suruali imelowa, matope hadi magotini, usimcheke ndugu msomaji. Anaitafuta digrii huyo. Wanafunzi wa mazingira wakifika mwaka wa mwisho wanajitosa kwenye mikoko na futi kamba na daftari, maji yakiwa yamekupwa. Yakianza kujaa, haya, kesho tena.

Nilishinda na watatu wao karibu na Utende. Kupima mti si mchezo, jamani! Wanazungushia kamba eneo la mita 10 kwa 10, kisha kila mti wa humo unapimwa unene kwenye kimo cha mita 1.3, usawa wa kifua. Mkoko wenye mizizi iliyotanuka juu kama miguu ya buibui unapimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Na visiki vinahesabiwa, maana visiki ndivyo vinavyoumbua.

Mwenyeji wao, mzee mmoja fundi wa nyumba, hana futi. Anatupa jicho tu.

"Shikamoo babu, na huu?"

"Marahaba. Mkandaa huo, mwanangu. Huu pau, ule mazio, yule bwana pale boriti tayari."

Binti kachora safu mpya kwenye daftari: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Hapo nikampenda! Mkataji hakati sentimita, anakata boriti. Visiki vya unene huo vikizidi, ujue watu wanajenga.

Mambo haya si ya jana. Mwaka 1989 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na shirika moja la Uingereza walianzisha Frontier Tanzania, na vijana wa kujitolea wakaja kuzamia Mafia kukagua matumbawe. Mwaka 1995 Nicholas Dulvy na wenzake watatu walichapisha katika jarida la Ambio habari za uchimbaji wa matumbawe kisiwani humo, yale ya kujengea na kuchomea chokaa. Na tanuu la chokaa haliwaki bila kuni, kwa hiyo bahari na msitu kesi yao moja. Mwaka huohuo ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Mafia, kilomita za mraba 822.

Tulipokaa kula mihogo, mzee akauliza: "Wenzenu waliotangulia walihesabu hapahapa. Walipata ngapi?"

Kimya. Ripoti ya hao waliotangulia iko kabatini chuoni kwao (chuo sikitaji), Kiingereza kitupu. Mzee aliyewashikia kamba siku nane hajaonyeshwa hata jalada. Halafu tunashangaa wanakijiji wakiwakimbia watafiti!

Binti akasema atarudi na karatasi moja ya Kiswahili, aibandike ofisi ya kijiji.

"Andika boriti," mzee akamwambia. "Sentimita waachie walimu wako."