Dhahabu Inayopima Mshiko wa Kingamwili

Kingamwili, yaani protini zinazotengenezwa na mwili ili kunasa vimelea, husifiwa kwa nguvu zao za kushika virusi kana kwamba mshiko ni tarakimu moja tu, ilhali bayosensa, chombo kinachogeuza kukutana kwa molekuli kuwa ishara inayosomeka, huonyesha kuwa kushika na kuachia ni mambo mawili, na kila moja lina kasi yake.

Katika aina moja ya chombo hicho, kiini ni utando wa dhahabu wenye unene wa nanomita 50 hivi, uliotandazwa juu ya kioo. Nuru inapoupiga kutoka upande wa kioo kwa pembe mahususi, elektroni za dhahabu huinyang'anya nishati, na nuru inayorudi hufifia. Kingamwili zinazopita katika mkondo wa maji ya chumvi zikinata kwenye protini ya virusi iliyopachikwa upande wa pili, pembe hiyo husogea na mchoro wa mashine hupanda. Mbinu hii, ambayo watafiti wa Uswidi waliionyesha mwaka 1983, haihitaji molekuli kutiwa rangi.

Somo kubwa huanza mtiririko wa kingamwili unapokatizwa na maji matupu ya chumvi yakaendelea kupita, kwani hapo mchoro hushuka kwa kadiri mishiko inavyoachia. Kingamwili mbili zaweza kuwa na kipimo kilekile cha mshiko, tuseme nanomoli 10 kwa lita, lakini nusu ya mishiko ya moja ikaachia kwa dakika moja hivi, na ya nyingine, ambayo hushika polepole zaidi mara mia, ikachukua karibu saa mbili. Tena kingamwili ya kawaida ina mikono miwili, hivyo protini zikisongamana juu ya dhahabu, mkono mmoja ukichomoka wa pili huwa bado umeshika, na mpimaji asiyejihadhari hutangaza uimara usiokuwapo.

Wala kushika si kukinga: kingamwili CR3022, iliyotokana na mgonjwa aliyepona SARS, ilinata kwenye protini ya virusi vya UVIKO-19, lakini katika majaribio ya taasisi ya Scripps ya Marekani mwaka 2020 haikuvizuia kuambukiza seli.

Chombo hiki hutumika pia kuchuja dawa, kukagua chanjo na kusaka mabaki ya dawa katika maziwa. Inasikitisha kwamba mitambo yenye thamani hivi wakati mwingine huachwa ipigwe vumbi kwa kukosa fundi na vipuri, na vibamba vya dhahabu hutupwa ilhali vingi vingeoshwa kwa asidi na kutumika tena.