Kombeni, Mto Tusioujua Jina

Muulize kijana wa Kisauni au wa Mikindani akutajie mito aijuayo, naye atakutajia Tana, Sabaki, Naili, na Mississippi aliousoma darasani. Mtajie Kombeni, atakuuliza kama hilo ni jina la ukumbi wa arusi. Na ilhali maji ya Kombeni yafika mlangoni pake.

Ndugu msomaji, Kombeni ni mto mdogo wa msituni. Wakati wa kiangazi kuna mahali waweza kuuvuka bila ya kupandisha kikoi. Huteremka vilima vya Rabai, ukapita chini ya vichaka na minazi, kisha ukajimwaga kichwani mwa hori la Tudor, lile linalokitenga kisiwa cha Mvita na Kisauni. Anaye nduguye, Tsalu, aingiaye hori lilo hilo. Sisi wa pwani tumezoea kuita kila maji mto, yawe matamu au ya chumvi, na nadhani ndipo tulipopotelewa: tumelishika hori tukalisahau chimbuko.

Tazama ardhi yenyewe. Kule juu, Mazeras na Rabai, kuna mawe ya mchanga. Mawe hayo hunywa mvua ya mwaka na ya vuli, kisha huitoa pole pole kama mtungi utokao jasho. Ukishuka kuelekea Jomvu na Changamwe wakuta mwamba mwingine, laini, wa tope lililogandamana tangu enzi ambazo bahari ilifunika nchi hii. Huo haunywi. Mvua ikiupiga, humomonyoka na kwenda na maji. Mwisho kabisa ndipo penye matumbawe, ambayo juu yake imejengwa Mvita na Nyali. Basi Kombeni huzaliwa kwenye jiwe linalohifadhi maji, na hufia kwenye udongo usiohifadhi kitu, na kinachoshikilia baina ya mawili hayo ni mizizi ya miti.

Miti hiyo ilikuwa na wenyewe. Warabai walikaa ndani ya kaya zao, Mudzimuvya, Bomu na Fimboni, msitu ukiwa ndio ukuta wao. Walipotoka kwenda kukaa mashambani, msitu ulibaki na miiko yake: hukati mti, huchomi, huingii ovyo. Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza kaya za Mijikenda, misitu 10 kwa jumla, katika orodha ya urithi wa dunia. Mimi nimelelewa chuoni, mbele ya msahafu, na ibada za kaya si zangu. Lakini mwiko uliolinda chemchemi kwa mamia ya miaka nitauvulia kofia.

Katika njia hii ya maji ndimo alimopita Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na wamisionari wa Kiingereza. Alizaliwa mwaka 1810 Derendingen, kijiji kinachopitiwa na kijito kiitwacho Steinlach, kiingiacho mto Neckar. Alifika Mvita mwaka 1844, na Julai ya mwaka huo huo akamzika mkewe Rosina ng'ambo ya Nyali, ambako kaburi lingaliko. Agosti 1846 yeye na mwenzake Johannes Rebmann, homa ikiwa mwilini, wakahamia Rabai. Toka mjini ni kupanda chombo hadi mwisho wa hori, kisha kupanda mlima. Kutoka huko Rebmann alikwenda akauona Kilimanjaro, tarehe 11 Mei 1848, na wataalamu wa London wakamcheka aliposema ana theluji. Krapf alikusanya maneno ya Kiswahili hata yakawa kamusi, iliyochapishwa mwaka 1882, yeye akiwa amekwisha kufa. Kijito cha kwao Wajerumani wamekipima na kukichora ramani. Cha kwetu kingali chasubiri.

Liko jambo ambalo wenzangu wa mji hawapendi nilitaje. Rabai palikuwa kimbilio la watoro. Watumwa waliokimbia mashamba ya pwani walijificha katika vilima hivyo, na aliyewapokea katika miaka ya 1880 alikuwa William Jones, mwenyewe mtumwa aliyekombolewa na kulelewa Bara Hindi. Mabwana waliowadai walikuwa wa mwambao huu huu, wengine wa majina tuyajuayo. Siku ya kwanza ya mwaka 1889 Kampuni ya Waingereza iliwalipa mabwana hao, na watoro wakapewa hati zao za uhuru. Mtu aliyekimbia usiku huhitaji maji na huhitaji kichaka. Kwenye mabonde ya Rabai alivipata vyote viwili.

Sasa mto wenyewe unakimbiwa. Nje ya mipaka ya kaya miti yachomwa makaa, na mashamba yalimwa mpaka ukingoni. Mzee mmoja wa huko aliniambia, "Mwanangu, kaya ina wazee. Mto hauna." Nikaona amesema kweli, maana chimbuko liko Kaunti ya Kilifi na mdomo uko Kaunti ya Mombasa, na kila mmoja amtazama mwenziwe.

Mvua za El Nino za 1997 na 1998 zilitupa onyo. Tope lilishuka kwa wingi likazika mizizi ya mikoko na michu, katika hori la Tudor na kule Mwache pia. Mchu hupumua kwa vijiti vyake vilivyosimama juu ya matope kama kalamu; ukivifunika umeuziba pua. Miti ilikauka imesimama. Kamba na mishi, ambao watoto wao hulelewa kwenye mizizi hiyo, walikosa nyumba. Ongeza maji machafu yamwagwayo horini kutoka Mikindani, utaelewa kwa nini nyavu zarudi nyepesi.

Mikoko imepandwa tena hapa na pale, na kazi hiyo ni njema. Ila miche haishindani na kilima kinachoteremka. Panda ng'ambo ya chini utakavyo. Ikiwa ukingo wa juu u wazi, mvua ya mwaka ujao itaizika.

Wavuvi wa Jomvu Kuu hawahitaji wataalamu kuwaeleza hayo. Asubuhi, jua halijakaza, huinama wakatazama rangi ya maji chini ya dau. Yakiwa mekundu hujua Rabai kumenyesha usiku, na nyavu husalia zimekunjwa.