Anavaa au Amevaa? Habari za maneno ya Kiingereza "putting on"

Katika kujifunza Kiingereza liko kosa moja ambalo halimpati mwanafunzi wa mwanzo tu, bali humpata hata karani aliyekwisha kuzoea kuandika barua kila siku. Kosa hilo ni la nguo. Mtu ataka kusema, "Amevaa kanzu," naye huandika, "He is putting on a kanzu." Mwingereza akisoma maneno hayo huona mtu aliyeinua mikono juu, kanzu imemfunika uso, na kichwa bado hakijatokeza.

Pengine msomaji atadhani kwamba jambo hili ni dogo. Basi natutoe mfano. Tuseme duka la nguo limevunjwa usiku, na mlinzi ameitwa mahakamani kutoa ushahidi, naye autoa kwa Kiingereza: "When I saw him he was putting on a black coat." Makusudi yake ni kusema kwamba mtu yule alikuwa amevaa koti jeusi, yaani ataja alama ya kumtambulia tu. Lakini hakimu amesikia kwamba mtu yule alionekana akilivaa koti pale pale dukani, na swali la kwanza litakuwa, "Koti hilo alilipata wapi?" Huenda koti ni lake mwenyewe, alitoka nalo nyumbani kwake. Kwa maneno mawili tu limekwisha kutiwa katika mali ya wizi.

Sababu ya kosa hili haitoki katika uvivu. Wengi wetu tulifundishwa kwamba -na- ya Kiswahili ni "is" pamoja na -ing, na kwamba -me- ni "has." Kanuni hiyo yafaa mara nyingi: anaandika, "he is writing", ameandika, "he has written." Lakini yako maneno ya Kiswahili ambayo -me- yake haionyeshi jambo lililokwisha, bali huonyesha hali ambayo mtu yumo ndani yake sasa hivi: amesimama, amekaa, amelala, amevaa. Tukisema fulani amesimama mlangoni, hatuna maana kwamba alisimama kisha akaenda zake; ukitazama utamwona yungali pale. Kwa hali hizo Mwingereza husema "is standing," "is sitting," "is sleeping," "is wearing." Hivyo -ing yake moja yachukua mizigo yetu miwili, wa -na- na wa -me-.

Hapo ndipo mwanafunzi anaponaswa. Ajua vema kwamba "amevaa" yahitaji -ing, na katika hilo hakukosa. Lakini neno la kuvaa alilolishika kwanza ni "put on," naye huliongezea -ing bila kufikiri zaidi. Hajui kwamba Kiingereza kimeligawa neno letu kuvaa sehemu mbili: tendo la kuitia nguo mwilini ni "put on," na hali ya kuwa nayo mwilini ni "wear." Basi anavaa ni "he is putting on," na amevaa ni "he is wearing." Kwa habari iliyopita, alikuwa akivaa ni "he was putting on," na alikuwa amevaa ni "he was wearing," ndivyo mlinzi wetu angalivyosema.

Iko njia nyepesi ya kujipima kabla ya kuandika. Jiulize: mikono ya mtu huyo ina kazi gani? Ikiwa bado inavuta, inafunga vifungo, au inasukuma mguu ndani ya kiatu, sema "putting on." Ikiwa mikono imekwisha kuachana na nguo, na mtu aendelea na shughuli zake, sema "wearing."

Maneno ya namna hii, kitenzi kikifuatwa na neno dogo linalogeuza maana yake, Waingereza huyaita "phrasal verbs." Jina hilo lilitumiwa na mwandishi Logan Pearsall Smith katika kitabu chake Words and Idioms cha mwaka 1925, naye alisema kwamba alishauriwa na Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford. Mambo yenyewe ni ya zamani kuliko jina. Neno "don," ambalo msomaji hulikuta vitabuni kwa maana ya kuvaa, ni "do on" lililofupishwa katika vinywa vya watu wa kale.

Tuangalie pia upana wa neno lenyewe. Sisi hupiga kilemba, hujitanda kanga, hujifunga shuka, huvaa miwani na hujitia manukato. Kila kitu kina kitendo chake, na kwa maoni yangu lugha yetu ni tajiri zaidi hapa. Mwingereza hutosheka na "put on" kwa vyote hivyo. Naye hulipeleka mbali na nguo: "She is putting on weight" ni kusema ananenepa, na "He is putting on the light" ni kusema anawasha taa.

Katika kuandika, t huwa mbili: "putting." Jina la nguo laweza kukaa mwisho au katikati: "He is putting on his shoes," au "He is putting his shoes on." Lakini likitumika neno la badala, yaani "it" au "them," halina budi kukaa katikati: "He is putting them on." Ukisema "putting on them," msikilizaji atangoja kuambiwa ni kitu gani kinachowekwa juu yao. Jambo hili lisitushangaze, maana nasi twasema anavivaa viatu, tukiiweka -vi- ndani ya neno wala si nje.

Kinyume chake ni kuvua. Kiswahili hugeuza mwisho wa neno, vaa ikawa vua, kama funga na fungua, Kiingereza hugeuza kitenzi na neno dogo pia: "He is taking off his coat." Hapa e ya "take" huanguka. Ila mtu asikiapo kiwanjani kwamba "the aeroplane is taking off," asitafute nguo iliyovuliwa, ndege inaruka.