Kula na kunywa kwenye volani

Ndugu zangu, wengi wetu tukipata kazi ya kwanza tunaanza kuendesha gari ya shirika ao ya mjomba, na chakula ya asubuhi tunaila mule mule ndani. Sisemi pombe, ile kila mtu anaijua. Nasema mandazi, chai, chupa ya maji.

Watu wanafikiri hatari ni mkono uliotoka kwenye volani. Ni kweli: mkono moja uko na mandazi, ule mwingine ushike volani ao ubadilishe vitesi? Lakini mimi naona ubaya mkubwa uko pale kitu kinaanguka. Chai ya moto ikimwagika kwenye paja, mwili unaruka mbele akili haijafikiri, macho yanashuka. Tuhesabu kidogo: kwa kilometa 60 kwa saa, gari inakata karibu mita 17 kila sekunde. Sekunde mbili za kutazama suruali ni mita 33 bila dereva. Huku Goma, mita 33 ni motari watatu, mama na beseni yake, na shimo.

Chupa ndiyo inanitisha zaidi. Ikiponyoka inabingirika mpaka chini ya freni. Unakanyaga, freni haishuki. Usiiname kuitafuta! Achilia mafuta, rudisha vitesi chini, vuta freni ya mkono polepole, simama kando.

Mimi chupa inakaa kwenye mfuko wa mlango, na mandazi naimaliza mbele ya kutia kontakti. Inachukua dakika tano hivi.